Pikipiki ya Makuru Isiyo na Injini

Nimetengeneza pikipiki hapa Kitaji, Musoma, tangu nikiwa kijana, lakini ile ya Makuru iliniaibisha. Makuru ni bodaboda wa Mwisenge, mteja wangu wa siku nyingi. Aliuza ya mafuta akanunua ya umeme, na sasa ilikuwa inazima ghafla kila akipanda mlima. Niliizunguka huku na huku nikitafuta pa kuanzia, nikapakosa. Tukasikia Bunda, mtaa wa Manyamanyama, kuna mama fundi anayezijua.

“Tunaenda wote,” nikamwambia. “Nataka nione kwa macho yangu.”

Saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka, mimi nimekaa nyuma. Ilikwenda kimya mpaka nikawa nasikia watu wakisalimiana kando ya barabara. Ng’ombe ndio hawakutusikia. Makuru alipiga honi weee, ndipo wakatupisha.

Kwenye milima ya kuingia Butiama pikipiki ilizima mara tatu, tukasukuma. Tulichepuka kwa shangazi yangu, Nyamisi, tuongeze chaji.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Hii nayo inakunywaga umeme wangu?”

“Kidogo tu.”

Akainama, akaigusa ubavuni kwa tahadhari. “Mbona haina moto? Zile zenu bomba lilinichoma mguu huu.” Akatuonyesha kovu, kisha akatuletea uji.

Saa saba mchana tulifika Manyamanyama. Mama Rhobi, fundi mwenyewe, alifungua kiti, akavuta waya mmoja. “Umelegea. Mkipanda mlima unatikisika, unakata.” Akaukaza. Dakika kumi, kwisha.

Nikamwuliza, “Sasa sisi wa injini tutakulaga nini?”

Mama Rhobi alisukuma pikipiki nyingine ya umeme mbele yangu. “Breki ya hii imenishinda tangu juzi. Gurudumu linakwama.”

Nikapiga magoti, nikafungua. Vumbi lilikuwa limegandia ndani. Nikasafisha, nikapaka grisi, nikazungusha gurudumu, likazunguka lenyewe.

“Kumbe!” akasema. “Mimi nilikuwaga fundi wa umeme wa majumba. Haya ya magurudumu najifunza bado.”

Ya Makuru ikawekwa chaji hapohapo, nasi tukashinda tukiulizana maswali.

Jioni tulirudi bila kupitia Butiama. Kwenye kila mlima nilijiandaa kushuka nisukume. Haikuzima hata mara moja.

Nilichojifunza ni kwamba ufundi wangu haujafa, ila umepungukiwa nusu, na nusu hiyo iko Manyamanyama. Kila Alhamisi nakwenda: yeye ananifundisha waya, mimi breki. Siku hizo narudi nyumbani mikono haina oili, na mke wangu huniuliza kama kweli nilikuwa kazini.