Kadi ya Vipele ya Mzee Kamande

Nakumbuka alasiri moja nikiwa kwenye dawati la kadi, katika tawi la benki kule Kilimani, nikamwambia mzee mmoja "haiwezekani" kwa sauti nzuri kabisa, ya adabu, na huku kwenye droo iliyogusana na goti langu mlikuwa na fomu ya kuliwezesha jambo lilelile. Mwanangu, nimesema uongo mwingine maishani, sitakuficha. Lakini ule ndio ninaousikia hadi leo.

Nikuambie kwanza nilivyokuwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikikaa kwa shangazi yangu Mountain View, na mambo ya benki sikuwa nimeyasomea popote. Niliajiriwa kupanga faili, kisha dada aliyeshughulikia kadi akaenda likizo ya uzazi, nikawekwa pale. Nilijifunza mwenyewe. Nilikisoma kitabu cha maelekezo mpaka nikaweza kukisema bila kukifungua. Niliandika kwa penseli kabla ya kalamu. Bahasha ya kadi niliikagua mara tatu, na nikiwa njiani kurudi nyumbani niliikagua tena kichwani. Watu walinisifu, wakasema nina umakini. Ilikuwa hofu tu. Niliamini kwamba siku nikikosea hata mara moja, kila mtu angejua sikusoma, na ningerudishwa kwenye faili.

Siku hizo tulikuwa na kadi za aina mbili. Ya kwanza, namba na jina la mwenyewe vilikuwa vimeinuka juu ya plastiki. Sisi ofisini tuliiita kadi ya vipele. Dukani, simu ikikatika au stima ikipotea, mwenye duka aliilaza kwenye kimashine, akaweka karatasi ya kaboni juu yake, akavuta mkono wa kile kimashine, na vile vipele vikaacha alama kwenye karatasi. Ya pili ilikuwa kadi laini. Maandishi yake yalichapishwa tu, kama kwenye kitambulisho, na ilifanya kazi pale tu mashine ilipoweza kuwasiliana na benki. Ukiilaza chini ya kaboni, karatasi inatoka tupu. Katika benki yetu, wenye akaunti za mshahara walipewa ya vipele. Wenye akaunti za akiba, pamoja na wastaafu, walipewa laini. Hayo yote niliyajua. Ungeniamsha usingizini ningekutajia ukurasa.

Basi akaja Mzee Kamande kutoka Waithaka, amevaa koti la kijivu na tai, na fimbo nyeupe mkononi. Macho yalimwacha akiwa kijana, tayari anajua kusoma. Baadaye akafanya kazi miaka thelathini kwenye simu za kampuni moja mjini, yule mtu anayepokea simu na kukuunganisha na unayemtaka. Alikuwa amestaafu miezi michache tu iliyopita. Akaunti yake ilibadilishwa, kadi yake ya zamani muda wake ukaisha, na mimi nikampa mpya.

Aliipitishia kidole gumba upande mmoja, akaigeuza, akapitisha tena.

"Mami, hiki umenipa ni kifuniko cha nini?"

Nikamwambia ndiyo kadi yake.

"Na jina langu liko wapi?"

Nilimshika kidole nikakiweka pale lilipochapishwa. "Liko hapa, mzee."

Akakisogeza kidole huku na huku. "Hapa hakuna mtu," akasema.

Kisha akanieleza bila hasira. Mashine ya pesa aliijua kwa vidole. Binti yake alikuwa amemfundisha abonyeze wapi na mara ngapi, na vile vipele vilimwambia upande upi ukae juu na mwisho upi utangulie kuingia. Sasa mfukoni alikuwa na kadi ya kibanda cha simu na kadi ya hospitali, zote laini, na hii nayo laini. Nilimwonyesha kile kipande cha nyuma cha kutia sahihi, kwamba kinakwaruza kidogo. Akakitafuta, akakipata, akakipoteza. Akaniuliza kama kuna njia yoyote ya kupewa ya vipele.

Njia ilikuwepo. Ni fomu ya ombi maalumu, kurasa mbili. Sikuwa nimeijaza hata mara moja. Niliwahi kuona moja iliyorudishwa kutoka makao makuu, makosa yamezungushiwa wino mwekundu, ikazunguka meza zote na watu wakacheka. Nikajiona mimi ndiye ninachekwa.

"Haiwezekani, mzee," nikasema. "Ni kanuni ya akaunti."

Akanishukuru, mwanangu. Alinishukuru, akashika fimbo, akatoka kwenda kwenye mashine.

Mlango wa pale ulikuwa wa kioo na siku hiyo ulikuwa umeachwa wazi, kwa hiyo nikaona na kusikia. Foleni ilikuwa ya watu saba au wanane. Aliingiza kadi, ikatemwa. Akaigeuza, ikatemwa tena. Akaingiza mkono mfukoni, kadi zikachanganyika, akaingiza nyingine.

"Mzee, hiyo ni ya simu," mtu mmoja akasema. "Unataka kumpigia nani huko ndani?"

Watu wakacheka. Kijana aliyemfuata kwenye foleni, nadhani alikuwa na nia njema, akamwambia, "Wewe nipe tu kadi uniambie namba ya siri, nikutolee chap chap. Watu wako na haraka." Mzee Kamande akazirudisha kadi zote mfukoni, akatoka kwenye foleni, akafuata ukuta mpaka akafika tena mezani kwangu. Akaketi kabla sijamkaribisha.

Alisema kwamba tangu apofuke anafanyiwa mengi. Anavushwa barabara, anasomewa barua, anachaguliwa hata soksi. Hili la kuchukua pesa yake bila kumwambia mtu namba ni moja kati ya machache yaliyobaki kuwa yake, na hakuwa tayari kulitoa pale nje mbele ya foleni. Kisha akaegemea meza.

"Miaka thelathini nimewaambia watu bosi hayupo, na bosi amekaa pale anakunywa chai. Hiyo sauti naijua, mami. Ni yangu. Sasa nakuuliza tena polepole. Haiwezekani, ama hujui?"

Nilisikia mihuri ikigongwa kwenye kaunta. Nilitamani mtu yeyote aniite.

"Iko fomu," nikasema. "Sijawahi kuijaza. Naogopa kukosea."

"Haya. Sasa ndiyo umeniunganisha," akasema, akacheka kidogo, nami machozi yakanitoka kama mtoto.

Nilikwenda kwa msimamizi wangu, Bi Rukia, mama wa Mombasa aliyekuwa na miaka mingi kazini. Nilitarajia anigombeze. Aliniuliza tu kwa nini sikuja mapema, akasema, "Hii ni fomu, mwanangu, si mtihani," akaniambia yeye mwenyewe aliharibu tatu kabla ya kupatia moja. Siku hiyo Mzee Kamande alihudumiwa kaunta kwa alama ya kidole gumba, Bi Rukia akiwa shahidi. Fomu tukaijaza, ikaenda.

Baada ya wiki mbili kadi ikaja. Namba niliikagua mara tatu. Nikampigia simu, akafika asubuhi yake na koti lilelile. Alipitisha kidole taratibu huku midomo ikisoma.

"K, A, M, A..." Akasimama, akarudi nyuma, akaenda tena. "D, E. Mami, N yangu umeipeleka wapi?"

Namba nilikuwa nimeikagua, jina sikulitazama hata mara moja. Kwenye nakala ya fomu, kosa lilikuwa ni la mkono wangu. Nilinyoosha mkono niichukue ile kadi, nikimwambia nitaagiza nyingine, nikiomba msamaha juu ya msamaha. Hakuiachia.

"Agiza," akasema. "Lakini hii nakaa nayo mpaka hiyo ije. Mashine inataka namba. Haina shida na N."

Bi Rukia akathibitisha kwamba ingefanya kazi. Mzee akatoka, akapanga foleni. Zamu yake ilipofika akaipapasa kadi mara moja tu, akaiingiza, akafunika vibonyezo kwa kifua chake, akabonyeza. Hakuna aliyemsaidia, wala hakuna aliyemcheka. Alitia pesa kwenye mfuko wa ndani, akashika njia ya kurudi Waithaka. Hakuingia kuniaga, hakuwa na haja nami tena. Mimi nikabaki mezani na kosa langu, ofisi nzima ikilijua, na saa sita ilipofika nilikwenda kula chakula kama siku nyingine.

Mwanangu, unakwenda kuanza kazi, na najua unafanana na mimi. Watakuja watu mbele yako, na wengine watakuomba jambo usilolijua. Usijifiche nyuma ya "haiwezekani". Sema "sijui, ngoja niulize", kisha simama kweli ukaulize. Kosa nililolifanya nikijaribu lilimnyima mzee yule herufi moja. Woga wangu wa kukosea ungemnyima jambo lake lote. Sikwambii usiogope. Mimi bado naogopa, na barua hii nimeiandika mara nne. Ogopa, ila fungua droo.

Mungu akubariki kwa kazi ya mikono yako. Akupe wakubwa wanaoulizika, na siku utakapokosea, akukutanishe na mtu atakayekucheka kidogo, kisha akungoje.