Kuku wa Mzee Vitus

"Mgeni, mgeni! Miaka ishirini na sita nachuma nyanya za Ilula, bado mnaniita mgeni?"

Tupokigwe aliyasema hayo akiwa nje, amejibanza kwenye ukuta wa chumba alicholala baba mkwe wake, Mzee Vitus. Wifi yake Veneranda alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chenye kuku mwekundu. Alitoka Ipogolo asubuhi kuja kumchukua mzee akakae kwake.

"Wifi, sikutukani. Mama tumemzika, watoto wako wakubwa wameshaondoka, wadogo wako bweni, na baba ndiyo huyo, mguu umevunjika. Nani atampelekea chakula? Wewe ambaye hujawahi hata kumsalimia?"

Hapo ndipo palipouma. Mzee akihamishwa, ukoo wote utasema Mnyakyusa amemfukuza, na jina hilo halitafutika.

Na alijitahidi, jamani. Alipoolewa kutoka kijiji cha juu ya Tukuyu aliacha ndizi akashika ugali. Kihehe alikijua mpaka matusi yake. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, alikuwa anauonja yeye kwanza, ndipo wanaume wajue kama umekolea. Akienda kwao dada zake wanamcheka, "Mhehe wetu kaja!" Akirudi Ilula ni "yule Mnyakyusa".

Jambo moja tu la kwao hakuliacha. Siku alipoletwa, mzee alinyoosha mkono amsalimie bibi harusi. Bibi harusi akajifunika kanga usoni, akatimua mbio hadi jikoni. Watu wakabaki midomo wazi. Tangu hapo akimwona mzee njiani anaingia kwenye mahindi. Chakula alipika yeye, watoto wakapeleka. Wakasema ana dharau.

"Veneranda," mzee akaita kutoka kitandani, "mwulize mwenyewe. Siku ile alikimbia nini? Nina ukoma?"

Tupokigwe akajibu palepale ukutani.

"Wifi, mwambie baba hivi. Kwetu mwanamke hatazamani na baba mkwe wake. Ndiyo heshima yenyewe. Mpaka baba atoe kuku. Nikishampokea huyo kuku, namsalimia. Nimemngoja tangu Happy, mwanangu wa kwanza, hajazaliwa."

"Mwulize kwa nini hakusema!"

"Mwambie nilimwambia mwanawe."

Wanawake wote wawili wakamgeukia Liberatus, mume wa Tupokigwe, aliyekuwa uani amejiinamia kwenye tenga lake anachambua nyanya kama vile hasikii.

"Aliniambia," akasema. "Nikajua atazoea."

Mwanaume ukimwambia jambo la maana wakati anakula, jua umeliambia sahani.

Ndani, mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka akalia, "Aa, mguu wangu!"

"Miaka yote hii namdai salamu, kumbe mimi ndiye nadaiwa kuku! Veneranda, mpe huyo."

"Baba, huyu ni wa supu yako!"

"Mpe, nimesema."

Tupokigwe akampokea kuku kwa mikono miwili, akaingia, akapiga goti. Akainua macho. Miaka yote alikuwa anakimbia jitu. Kumbe ni kazee kembamba, masikio yamesimama kama ya Liberatus. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua tenga kichwani.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama Happy. Deni lako ndiyo hilo, tusidaiane tena. Haya, ugali uko wapi? Nimekonda kwa njaa na heshima zenu."

"Na supu je?" Veneranda akadakia.

"Supu ya kuku wangu? Thubutu! Huyu atanitagia. Baba atakula maharage."

"Nitakula," mzee akasema haraka.

Mchana Veneranda akajiandaa kurudi Ipogolo peke yake. Tupokigwe alimnyang'anya kikapu, akakijaza nyanya zilizoiva vizuri, akamrudishia.

"Chukua, wifi. Mgeni haondoki mikono mitupu."

Veneranda akasonya. Lakini kikapu alikipokea.