Kukimbia Chanjani, Kutulia Jikoni

Kwenye chanja za kuanikia dagaa hatukuwa na mkubwa. Kikundi chetu cha wanawake wa Ujiji kilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni mimi, na kilikuwa na bibi mmoja wa Kasingirima aliyeanza kuanika kabla wengi wetu hatujazaliwa. Lakini wingu lilipojitokeza juu ya milima ya Kongo, vyeo vyote vilikoma. Aliyeliona kwanza alipaza sauti, "Wingu!" na kila mmoja aliacha alichoshika akakimbilia turubai lililo karibu naye. Msichana aliyempigia bibi goti na kumwamkia asubuhi, saa hiyo alimfokea, "Bibi, vuta kona hiyo, unalala?" Bibi alivuta. Maneno ya chanjani hayakufuatana nasi nyumbani.

Serikali ilipoanza kulifunga ziwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane, tuliamua kutotawanyika. Tulihamia kwenye kazi ya kupika mawese, uani kwa mwenzetu mmoja wa Kidahwe. Wazazi wake walitoka naye Burundi akiwa mdogo, akakulia na kuolewa huku. Chanjani alikuwa mtu wa kunyamaza, hata sauti yake sikuifahamu vizuri. Siku ya kwanza sufuria moja ilifurika, mwenye nayo akapiga ukelele, nasi sote, kwa mazoea, tukakimbia kumsaidia. Tulipogeuka, sufuria zetu wenyewe zilikuwa zikimwaga mafuta motoni na ua mzima umejaa moshi mweusi.

Mwenye ua akashika kiuno. "Nyie, mmekuja kupika au kushindana mbio?"

"Si amepiga kelele!" bibi akajitetea.

"Hata apige. Huku kila mtu abaki na sufuria yake. Mwenye shida nitamwendea mimi."

"Na nikiungua?"

"Nitakuja, bibi. Ungua polepole tu."

Tulicheka, kisha tukatii. Kadiri wiki zilivyopita tulijifunza kusimama kila mtu mahali pake, kusema kwa sauti ya chini, na kumtazama yeye. Akiinua kidevu kuelekea kuni, mmoja alikwenda, wengine walibaki. Mafuta yetu yakatoka mekundu na safi. Nilisomea utawala chuoni, ambako tuliambiwa kwamba kikundi imara ni kile chenye kanuni zisizobadilika. Katika ua ule niliacha kuliamini jambo hilo, na sijalirudia.

Ziwa likafunguliwa. Nilikuwa nimezungumza na msimamizi wa jiko la shule moja ya bweni mjini, mama asiyepoteza maneno. "Mzigo wa kwanza ukiwa mkavu na safi, nitachukua kwenu mwaka mzima," aliniambia. "Ukinuka, mama mwenyekiti, tusisumbuane." Bila oda ile kikundi kingekwisha, kwa maana wenzetu kadhaa walikwisha kusema kwamba wangerudi kuuza sokoni, kila mtu kivyake.

Siku za mwanzo jua lilituwakia vizuri, kwa hiyo hakuna aliyetambua tulichokuwa tumekisahau. Kisha, dagaa wa shule wakiwa karibu kukauka, bibi aliinua uso.

"Wingu! Wingu, jamani!"

Hakuna aliyekimbia. Kila mwanamke alisogea karibu na chanja yake, akashika turubai lake, akageuza macho. Hawakuangalia angani. Walimwangalia mwenzetu wa Kidahwe. Naye, kwa kuwa chanjani hakuwahi kumwamuru mtu, alisimama kimya kama zamani. Turubai halitandazwi na mtu mmoja, na upepo ulikuwa umekwisha kuingia chini ya la bibi na kulipindua. Nikaelewa mara moja kwamba miguu yetu ilikuwa imerudi ufukweni, lakini sisi tulikuwa bado jikoni.

"Waite!" nikamwambia. "Wanakusubiri wewe."

"Mimi? Huku?"

"Wewe! Upesi!"

"Nimuze!" akaita kwa lugha ya mama yake. "Njooni, nimuze!" Akalitupa turubai lake mwenyewe, akakimbilia la bibi. Hapo ndipo miguu ya wengine ilipokumbuka. Tuligongana, tukafokeana, mtu akaniita mzembe, na nikafurahi kuitwa hivyo. Mvua iliponyesha, chanja za pembeni zililowa. Nyingine zote zilikuwa zimefunikwa.

Dagaa waliolowa hatukuwachanganya na mzigo wa shule. Msimamizi wa jiko alichukua mmoja katika wale wakavu, akamvunja, akasikiliza mlio wake, akanusa. "Wiki ijayo mlete tena," akasema, na hakuna mwenzetu aliyerudi sokoni peke yake.

Tangu hapo hatungoji wingu litukumbushe. Ziwa linapofunguliwa, kabla hata dagaa hawajashushwa, mmoja wetu huita wingu la uongo chini ya anga jeupe, nasi hukimbia kama wendawazimu mbele ya wavuvi wanaotucheka. Na ziwa linapofungwa, siku ya kwanza kule Kidahwe, bibi hupiga ukelele wa mtu aliyeungua, akiwa mzima kabisa, ili aone nani atasogea.

Mwaka huu aliyesogea ni mimi.

"Mama mwenyekiti," mwenye ua akasema bila kuinua macho kwenye mafuta, "rudi kwenye sufuria yako."