Mbuzi wa Ntheo Waliokwenda Kitui

Mpaka leo nikimsikia mwanamke anaanzisha wimbo wa kanisa haraka haraka, kabla mtu hajamaliza kusema lake, damu hunichemka. Sina ugomvi na wimbo. Nina ugomvi na ile haraka.

Ilikuwa miaka ya themanini, muda si mrefu baada ya njaa ile tuliyokula mahindi ya manjano. Nilikuwa na duka la kushona nguo pale Mbumbuni, na nyuma ya duka vyumba viwili nilivyoishi. Rafiki yangu alifundisha watoto wa nasari huko Kalamba. Tulikua pamoja, tukafunzwa kusuka viondo na nyanya yake mmoja, tukapigwa vidole pamoja kila uzi ulipolegea. Alipopata mchumba nilifurahi kuliko mama yake mzazi. Mchumba alikuwa bwana mifugo aliyehamishiwa kwetu kutoka Kitui, mtu wa pikipiki ya serikali na maombi marefu.

Sasa, kwetu Ukambani mwanamke anakuwa mke wa mtu siku mbuzi wa ntheo wanapofikishwa kwa baba yake. Mahari mengine yanaweza kuchukua miaka, hakuna anayejali, lakini bila wale mbuzi hujaolewa, hata uvae gauni refu kutoka hapa mpaka Mukuyuni. Bwana mifugo akasema yeye ameokoka. Mambo ya mbuzi na pombe ya wazee hayataki, atafunga ndoa kanisani na inatosha. Baba ya rafiki yangu alikuwa mzee wa kanisa, akaona Mungu amemletea mkwe mtakatifu. Mtu anayeshinda akichanja mbuzi wa wilaya nzima, na mbuzi watatu wa kumpa mkwewe hana! Nilisema hivyo kwa mzaha, na rafiki yangu akacheka hadi akashika mbavu. Alikuwa anampenda, basi.

Harusi ilipangwa Jumamosi, na Jumamosi iliyotangulia nikamwandalia chai nyumbani kwangu. Nilitaka wanawake wachache tu, wale wa karibu: yeye, nyanya yake, mama yake, na jirani zangu wawili. Nilitwanga mahindi ya muthokoi mwenyewe, nikapika chapati, nikatandika vitambaa nilivyovifuma. Katikati ya chumba niliweka kiondo nilichokuwa nimemsukia, cha rangi ya zambarau na ya katani. Kila mgeni angetia ndani kitu cha jikoni na neno moja la heri. Hiyo ndiyo programu yangu yote.

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa hakualikwa. Alikuja. Alikuja na shangazi ya bwana arusi, na flaski mpya nyekundu ya kumpa bibi arusi, na programu yake kichwani. Kabla sijampa kikombe alikuwa ameshahamisha viti vyangu. Akasema maneno ya heri yatasubiri, kwanza mawaidha. Akamketisha rafiki yangu katikati kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mwaitu, bwana akichelewa kuja nyumbani, usimwulize alikuwa wapi," akaanza, akimwita mama kwa Kikamba. "Wewe pasha chakula moto, uombe. Ukisikia watu wanasema maneno, funga masikio. Nyumba inajengwa na mwanamke mwenye kunyamaza."

Ajabu, rafiki yangu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno. Mimi nilikuwa mlangoni na birika mkononi, nimekasirika kwa sababu ndogo tu, ya viti. Sikujua hasira yenyewe ilikuwa bado njiani.

Ilikuja kupitia kwa nyanya. Kwetu nyanya na mjukuu hutaniana watakavyo, hata mbele ya watu, na mzee yule alikuwa amechoshwa na mahubiri. Akageukia shangazi ya bwana arusi.

"Hii maneno ni mazuri," akasema, "lakini mimi naona mjukuu anaenda na sijaonja hata mfupa wa ntheo. Kwenu hakuna mbuzi? Ama huyo kijana yenu ni mkono birika?"

Tukacheka wote. Ulikuwa utani. Shangazi angecheka nasi, mambo yangeisha hapo, chai ingenywewa. Lakini aliona ukoo wake umetukanwa, na mtu wa kwetu akiambiwa watu wake ni wachoyo hasikii lingine.

"Wachoyo?" akasema. "Sisi? Susu, wewe nyanya yetu, usitutusi. Ntheo ya Kitui tulipeleka mbuzi tatu, zote nono, mpaka wazee wa huko wakashangaa. Mimi mwenyewe nilikuwa huko!"

Kabla sijaelewa nilichosikia, mwenyekiti alikuwa ameshaanza wimbo. Kwa sauti ya juu, macho yamefumbwa, makofi juu. Hapo ndipo nilipojua. Mtu asiyejua angeshtuka kwanza, angeuliza, "Kitui ya nani?" Yeye hakushtuka. Wimbo ulikuwa tayari mdomoni, ukingoja siku hiyo. Nikaweka birika chini, nikamwambia nyumba hii ni yangu na anyamaze. Sijawahi kumwambia mtu mzima hivyo tangu nizaliwe. Akanyamaza.

Rafiki yangu akauliza polepole, "Kitui kuna nani?"

Shangazi alikuwa anautazama mkeka. Mwenyekiti ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya upole, ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa ameze dawa.

"Kuna mama na watoto wawili. Lakini hao hawakufunga kanisani, mwaitu. Ilikuwa ya kienyeji tu. Kwa Mungu hiyo haihesabiwi. Sisi tumeiombea sana."

Tumeiombea! Waliketi, wakapanga, wakaomba, wakamnunulia flaski, na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kumwambia anayeolewa. Mama yake akaanza kulia, na nilivyomwona analia mapema hivyo, nikamshuku hata yeye kuwa alijua. Nyanya akauliza, bila utani sasa, "Kwa hivyo mwenye mbuzi si mke, na huyu wangu bila mbuzi ndiye mke?"

Nilitaka rafiki yangu apige kelele. Nilitaka arushe vikombe, vikombe vyangu vyote, ningevifagia kwa furaha. Yeye akauliza swali moja tu.

"Huyo mama wa Kitui ameambiwa juu ya Jumamosi?"

Mwenyekiti akainama kutafuta mkoba wake.

Rafiki yangu akasimama. Akatoa vitu kwenye kiondo, kimoja kimoja, akamrudishia kila mtu chake kwa mikono miwili, akisema asante. Sufuria, mwiko, chujio la chai. Flaski mwenyekiti aliikataa, akaondoka akisema shetani ameingia nyumbani kwangu. Kiondo chenyewe rafiki yangu alikibeba. Harusi haikuwepo.

Lawama nilipata mimi. Kanisani nilisemwa kuwa nimevunja ndoa ya watu kwa chai, nikaondolewa kwenye kwaya. Bwana mifugo hakuondolewa popote. Aliombewa mbele ya watu wote, akapewa pole.

Baada ya miezi kadhaa mwenyekiti akaja dukani, akasimama nje ya kaunta kama mteja.

"Nimekuja kwa ile flaski," akasema. "Kuna bibi arusi mwingine tunamwandalia, na ile haikutumika."

Flaski ilikuwa kwenye rafu nyuma yangu, nyekundu, anaiona.

"Huyo mwingine," nikamwuliza, "mmemwambia ya Kitui?"

Akavuta kitambaa chake kichwani, akashuka ngazi za duka, akaenda. Na hiyo miguu yake ilielekea kwa pasta, haikuelekea kwa msichana.

Nikafunga duka mchana kweupe, nikauliza njia ya kwao huyo msichana.