Mlolongo Nyuma ya Goli

Mwanzoni mwa miaka ya tisini neno mhafidhina lilikuwa tusi, na mimi ndiye niliyelileta nyumbani kwetu. Nililitoa gazetini, likanikaa vizuri mdomoni, nikawa natafuta wa kumtupia. Sikwenda mbali. Baba yangu, dereva wa lori la maji la baraza la jiji, alikuwa ameketi sebuleni katika nyumba yetu ya baraza huku Eastlands, kadi ya chama tawala imo mfukoni mwa shati kama kawaida yake.

"Baba, wewe ni mhafidhina," nikamwambia.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mtu asiyetaka mambo yabadilike."

"Mambo gani?"

Gazeti halikuwa limeeleza hilo, lakini nilikuwa msichana wa miaka ishirini mwenye mdomo mwingi, kwa hiyo nilimhutubia hata hivyo. Siku hizo nusu ya mtaa ilisalimiana kwa kidole kimoja, cha chama, na nusu kwa vidole viwili, vya mageuzi. Nyumba yetu ilikuwa na vyote vitatu. Mama alisalimia kwa mkono mzima na kurudi kwenye vyombo vyake.

Kilichoniudhi zaidi kwa baba ni mapenzi yake kwa mlolongo. Vijana wa leo hawaujui. Katika uteuzi wa wagombea, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mtu wao au picha yake, wakahesabiwa hadharani. Wizi ulikuwa wa ajabu: foleni fupi ilitangazwa mshindi, na ile ndefu ipo hapo hapo inasikiliza. Baba alikubali hayo yote. Alichokataa ni kuulaumu mlolongo wenyewe, maana walioiba ni waliohesabu, si waliosimama. "Mtu asimame aonekane," alikuwa akisema. Mimi nilimjibu kwamba anayeonekana hufukuzwa kazi. Nilikuwa sahihi na hadi leo niko sahihi. Kura yangu nitaipiga pembeni, peke yangu.

Vyama vingi vikaja, uchaguzi ukapita, chama kikabaki palepale. Miaka kadhaa baadaye mwenyekiti wa tawi la chama mtaani kwetu akatangaza kwamba uwanja wetu wa mpira utajengwa maduka. Uwanja ule ulikuwa wa baraza, yaani wa sisi sote. Watoto walicheza hapo, makanisa yalihubiri hapo, na marehemu wetu waliagwa hapo kabla ya kusafirishwa kwenda kuzikwa kwao magharibi mwa nchi. Mwenyekiti alihitaji tu kuwaonyesha wakubwa wake kwamba wakazi wameridhia, kwa hiyo akaitisha mkutano uwanjani Jumapili baada ya ibada.

Huyu mwenyekiti alikuwa rafiki ya baba tangu ujana wao. Ndiye aliyemsaidia kupata nyumba yetu, na kila mtu alijua kwamba mkono uliotoa ungeweza kupokonya. Jirani mmoja aliyempinga alikuwa ameshatolewa vyombo nje mvua ikinyesha.

Sisi wa mageuzi tulijiandaa. Tulikuja na katoni ya sabuni tuliyoitoboa juu, ndiyo sanduku la kura. Kiongozi wetu, kijana fundi wa maneno aliyetufundisha nusu ya hasira tuliyokuwa nayo, alieleza faida za kura ya siri hadi kina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akakubali upesi, akasema vijana wake watalipeleka sanduku ofisini kwake likahesabiwe. Tukashangilia. Ndivyo tulivyokuwa: tukipewa sanduku, hatuulizi linakwenda wapi.

Baba akasimama. "Mlolongo," akasema.

Tulimzomea. "Mzee, wacha hiyo story! Mlolongo ilikufa kitambo!" kijana mmoja akapaza sauti nyuma yangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwenyekiti naye alicheka kwa furaha ya kweli, maana nani angethubutu kuonekana akimpinga?

"Rafiki yangu amesema," akatangaza. "Anayetaka maduka asimame nyuma yangu. Asiyetaka aende kwa goli kule, tumwone."

Baba akavaa kofia yake, akavuka uwanja, akasimama kando ya mlingoti wa goli. Peke yake.

Nilimtazama, nikakumbuka vyombo vya yule jirani vikilowa mvua. Niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili yangu. Mama akapita mbele yangu, amejifunga leso, akaenda kusimama nyuma ya mumewe. Nikaweka katoni chini, nikamfuata. Nilipogeuka, kiongozi wetu wa mageuzi alikuwa nyuma ya mwenyekiti, anatazama viatu vyake. Alikuwa ameahidiwa duka. Sanduku lisingetuambia hilo kamwe.

Tangu hapo nimewasikia wengi wakiitwa wahafidhina, wakiwemo wenzangu wa vidole viwili, ambao siku hizi wamekalia viti na hawataki kiti kisogezwe hata kidogo. Sishangai tena. Kwanza naangalia mtu anashikilia nini, na anakishikilia kwa ajili ya nani.

Pale uwanjani, watu walianza kuja nyuma yetu. Kwanza waumini wa kanisa letu, kisha wachongaji vinyago wa nyumba za nyuma, kisha wengine wengi, mpaka foleni ikapinda kwenye kona ya uwanja. Mwenyekiti akamjia baba.

"Tumetoka mbali, ndugu yangu. Leo umenigeuka?"

"Mimi niko palepale," baba akasema. "Uwanja huu tulikabidhiwa tuutunze. Wewe ndiye uliyehama."

Mwenyekiti akageuka aende zake. Vijana wakalipuka kwa vifijo, wengine wakaanza kumzomea na kumfuata. Mpango wa maduka ulikuwa umekwisha, hata kipofu angeona. Lakini baba aliinua mkono, akapaza sauti yake ya kuitia watu maji.

"Bado hatujahesabu! Na wale wa upande wake wahesabiwe. Nao ni wakazi."

Kelele zikatulia. Mwenyekiti alisimama kidogo, ametupa mgongo. Kisha akarudi mbele ya foleni yake fupi, akanyoosha koti, akahesabiwa.