Mteja Asiyeponda Bastola

Verlon Pruett alikuwa na kipaji kimoja tu hapa duniani: kuitazama bastola kuukuu na kusema inastahili dola ngapi. Mengine yote yalimshinda. Kupika kulimshinda, kucheza dansi kulimshinda, na siku ya kuzaliwa ya mkewe ilimponyoka kila mwaka. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa mabasi ya shule mjini Joplin, Missouri, na alipostaafu hakuona kazi nyingine ya kufanya ila kukaa Jumamosi nzima kwenye ukumbi wa maonyesho ya silaha, nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani na bastola ishirini za miaka ya mababu.

Alikuwa mkweli kupita kiasi. Mteja akiinua bastola, Verlon mwenyewe ndiye aliyemwonyesha kasoro zake: hii imepakwa rangi upya, thamani yake imekatika nusu, ile silinda ya kuwekea risasi si yake, namba hazilingani. Orrin Haskew, muuza visu wa meza ya jirani, alimcheka kutwa. "Wewe Verlon, ukimuuza ng'ombe utamwambia mnunuzi kwamba usiku anakoroma."

Na wanunuzi nao walikuwa na desturi yao. Mtu anayeipenda bastola ya zamani huiponda kwanza. Huja mezani kama shangazi aliyekuja kumkagua bibi harusi: skrubu imetafunwa, mpini una ufa, mtutu umechakaa. Hununa, huondoka, huzunguka ukumbi mzima, hula mkate wake wa nyama ya nguruwe, kisha hurudi kama anayepita tu na kutaja nusu ya bei. Verlon aliipenda michezo hiyo kuliko pesa yenyewe.

Jumamosi moja ya Februari, kama saa tano asubuhi, alikuja mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, amenyoa ndevu vibaya hadi akajikata shingoni. Alinyoosha kidole kwenye bastola ya mwaka 1891.

Verlon aliifungua silinda, akamwonyesha kwamba haina kitu ndani, akampa. Akaanza mahubiri yake ya kila siku. "Namba ziko sehemu tatu, na zote zinalingana. Rangi ni ya kiwandani, theluthi mbili imebaki. Skrubu hii kuna mjinga aliitafuna kwa bisibisi isiyo saizi yake. Boksi lake limepotea. Elfu moja mia moja na hamsini, bwana, na wewe sasa nitukane."

Yule mtu hakutabasamu. Hakuziangalia namba wala skrubu. "Inafanya kazi?"

"Inafanya. Lakini hii ni ya kuweka kabatini uitazame."

"Na hizi za zamani hazina karatasi za kujaza, si ndiyo?"

"Hazina. Zilizotengenezwa kabla ya 1899 sheria haizihesabu kuwa silaha."

"Sawa," akasema yule mtu, akatoa pochi.

Verlon aliitazama ile pochi. Katika miaka yake yote ya kuuza, watu waliomlipa bei ya kwanza walihesabika kwa vidole. "Hutaki hata kuniambia ni ghali?"

"Hapana."

"Basi nimekosea," Verlon akasema polepole, akimtazama machoni. "Hiyo ni elfu moja mia tisa."

Orrin aliinua kichwa kutoka kwenye visu vyake. Hakukuwa na mwendawazimu Missouri nzima ambaye angetoa pesa hiyo kwa bastola ile. Yule mtu akahesabu noti zake bila haraka. "Nina elfu moja mia sita," akasema. Kisha akavua saa yake mkononi, saa nzuri ya chuma, akaiweka juu ya kitambaa. "Na hii. Sitaihitaji."

Hapo hofu ikamshika Verlon Pruett barabara.

"Na risasi zake?" yule mtu akauliza. "Zinauzwa humu?"

"Meza ya mwisho kule. Boksi la hamsini."

"Nyingi mno," akasema. Ndicho kitu pekee alichokilalamikia.

Verlon alimpokonya bastola kwa upole, kama anayetaka kuipangusa, akaiweka mezani na kuifunika kwa kiganja. Kumnyima lilikuwa jambo rahisi. Lakini mle ndani mlikuwa na meza mia mbili na ushee, na nyuma ya nusu ya hizo walikaa watu ambao wangeichukua ile saa bila kuuliza neno. Akisema haiuzwi, mtu atahamia kwa jirani. Akidanganya kwamba ni mbovu, atahamia kwa jirani vilevile. Mara moja akamwona yule mtu amekwisha kufa, amelala kwenye sakafu ya jikoni asiyoijua, na bastola aliyoisafisha yeye Verlon kwa mikono yake iko kando.

"Kaa," akasema. Akamsukumia kiti chake mwenyewe. "Simuuzii mtu kitu asichokijua. Shika kioo hiki. Nisomee namba, zote tatu."

Kwa maajabu, yule mtu alikaa. Akainama na kioo cha kukuzia, akasoma tarakimu moja moja, mtiifu kama mtoto wa darasa la pili. Verlon hakusikia hata moja. Aliogopa kunyamaza na aliogopa kusema, kwa maana maisha yake yote alidhani kwamba neno lile ukimtajia mtu, ndiyo umemsukuma.

"Chukua pesa ya watu, Verlon," Orrin akadakia kutoka kwake, "kabla jamaa hajapata akili."

Verlon alitamani kumchoma kwa kimojawapo cha visu vya Orrin mwenyewe. Alimpa kisogo, akainama karibu na sikio la mteja hadi akanusa sabuni yake ya kunyolea.

"Bwana mdogo, unataka kujiua?"

Yule mtu aliendelea kutazama kupitia kioo. Mabega yakamshuka. "Umejuaje?"

"Hukuiponda. Kila mtu huiponda."

Akakiweka kioo mezani. "Nilikuwa na bastola sita nyumbani," akasema. "Nilipotoka hospitali ya akili nikakuta dada'ngu amezichukua zote. Na dukani sasa wakilikagua jina langu, linakataliwa."

"Dada'ko anaitwa nani?"

"Twila."

"Na wewe?"

"Lyle."

"Lyle, nipe simu yako nimpigie Twila."

Aliitoa. Verlon aliibonyeza, akakosea mara mbili, na wakati wote mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mkono wa koti la Lyle. Hakuuachia kwa dakika ishirini na tano walizomngoja Twila. Kila Lyle alipojigeuza kitini, Verlon aliona mwisho umefika. Alimweleza habari za rangi, za skrubu, za vumbi la kwenye silinda, maneno yoyote yaliyomjia.

Twila alifika mbio, bado amevaa aproni ya jikoni ya kazini kwake. Hakumwangalia kaka yake kwanza. Alimwangalia Verlon. "Umemuuzia?"

"Hapana, mama."

Twila akaegemea meza, akalia kwa sauti mbele za watu. "Nilizichukua zote," akasema. "Nikadhani nimemaliza. Sikujua kuna zisizo na karatasi." Kisha akamvisha Lyle saa yake mkononi, akamshika kama mtu anayevuka naye barabara, wakatoka.

Orrin aliacha visu vyake, akaja akasimama kando ya Verlon. Safari hii hakuwa na utani. "Ulijuaje?"

"Hakubisha bei. Basi."

Orrin alijikuna shingo, akatazama pembeni. "Verlon. Na yule wa Desemba je? Si ulisema ndiye mteja bora tangu uanze kuuza?"

Verlon alikumbuka. Mtu alikuja, akasikiliza bei, akalipa yote, akaondoka bila kuomba boksi wala chenji. Jioni ile Verlon alimpeleka mkewe mgahawani kula kamba wa baharini, akamsimulia habari hiyo huku akicheka.

Mwanamume mwenye kofia yenye nembo ya trekta alifika mezani, akaiinua bastola ya 1891 na kukunja uso. "Skrubu yote imetafunwa hii. Mia saba, na nakuonea huruma tu."

Verlon hakumsikia. Alikuwa ameketi kwenye kiti alichokalia Lyle, akijitahidi kuukumbuka uso wa yule wa Desemba, na hakupata chochote isipokuwa koti la kijani na mkono uliokuwa ukimpa pesa.