Swali la Wifi Yake Seini

Katika kliniki ya sukari ya kisiwa cha Vava'u, muuguzi Seini hakuwa na haya. Wanaume wazima walimnong'oneza kwamba nguvu zimewaishia au watoto hawaji, naye aliwajibu palepale bila kupepesa macho.

"Punguza nyama ya kopo, meza dawa yako, kisha uje na mkeo. Na hicho kitambi, mzee, utakibeba mpaka lini?"

Walicheka, wakatii.

Mgonjwa mmoja tu hakuwahi kuketi mbele yake: Manase, kaka yake wa tumbo moja. Kwao, kaka na dada wakishabalehe hawalali nyumba moja wala hawatazami sinema pamoja, na mambo ya chumbani ya mmoja hayatajwi mbele ya mwingine. Basi dawa za Manase alizichukua mkewe, Vika, na Seini alimfungia kwenye mfuko bila kuuliza neno.

Ndoa yao Vika na Manase ilipotimiza miaka saba bila mtoto, Vika alikuja na swali.

"Wifi, hivi vidonge vya sukari ndivyo vinavyo... maana kaka yako siku hizi..."

"Vika, huyo ni kaka yangu."

"Najua. Sasa nimuulize nani? Muuguzi si wewe?"

"Nendeni mji mkuu, Nuku'alofa. Madaktari wako huko."

"Manase huyu apande meli akamweleze mgeni mambo hayo? Umemsahau kaka yako."

Seini aliinamia droo akajidai anatafuta kitu, mpaka Vika akaondoka. Heshima ilikuwa imelindwa, naye aliona amefanya vyema.

Kumbe Manase alishapata mshauri. Jamaa mmoja wa kanisani aliuza virutubisho, zinki na vitamini, kwa wanaotafuta mtoto. Vidonge hivyo havikuwa na ubaya. Seini mwenyewe angemruhusu avimeze pamoja na dawa. Lakini Manase alijiamulia kwamba dawa ya sukari ndiyo inayomlegeza, na hivi vipya vinamjenga. Akaacha dawa kimyakimya. Kila mwezi Vika alimletea, naye akaifukia shambani kwenye viazi vikuu.

Huko shambani ndiko alikojikata mguu kwa jembe, asisikie maumivu, maana sukari ilishamtia ganzi miguuni. Kidonda kilipoanza kunuka ndipo alipofikishwa hospitali, sumu ikiwa imeshaingia kwenye damu, na Vika akakuta vidonge vya zinki mfukoni mwake. Manase akamweleza yote.

Vika alipomsimulia, Seini alisimama nje ya pazia, akasema kwa sauti ya kusikika kitandani.

"Vika, mwambie mumeo kwamba sukari yenyewe ndiyo inayoharibu mbegu. Dawa ndiyo ingemsaidia apate mtoto."

Manase akajibu, sauti imekwisha.

"Vika, mwambie dada yangu, ningejuaje?"

Maneno hayo yalimuuma Seini kuliko tusi.

Manase alifariki Alhamisi. Kwao, msibani dada ndiye mwenye heshima ya kuketi kichwani pa marehemu, na Seini akaketi. Tangu utoto hawakuwahi kukaribiana hivyo. Watu walimngoja alie. Yeye aliinama akaanza kumweleza kaka yake taratibu, kama alivyowaeleza wanaume wa watu: hiki umeze asubuhi na chakula, hivi vingine ukipenda, kisha uje na mkeo.

Hakuna aliyemnyamazisha. Vika, aliyeketi miguuni amejifunga kiunoni mkeka mkubwa, vazi la msiba la kwao, alisikiliza jibu la swali lake mpaka mwisho.